Siku Niliyopeleka Chai Kwenye Randevu Yangu Mwenyewe

Hii sijawahi kuisimulia mbele ya watu zaidi ya wawili, na mmoja wa hao wawili ni mume wangu, ambaye alicheka mpaka akatoka nje kutafuta hewa, kwa hiyo mkiona nasita hapa katikati mnivumilie, aibu yenyewe bado mbichi. Mi ni fundi wa kushona. Jina langu Zaituni, nina chumba kimoja na vyerehani viwili pale mtaa wa Jabe, nyuma ya soko, na wanaonijua watawaambia kwamba mikono yangu inaongea vizuri kuliko mdomo wangu. Ningebaki hivyo hivyo ningekuwa salama. Tatizo ni kwamba nilitaka nionekane mtu wa maana.

Mambo yalianzia kwenye mafunzo. Kanisa moja la jirani (mi ni Mwislamu, lakini ukumbi ni ukumbi) lilimleta kijana mmoja wa suti ya bluu, suruali fupi mpaka vifundo vya miguu vinapigwa na upepo, aje kutufundisha sisi wafanyabiashara wadogo namna ya kujiweka mbele ya wateja wakubwa. Alituambia mteja anakuhukumu kabla hujafungua mdomo. Alituambia nyeupe juu na nyeusi chini haijawahi kumuangusha mtu. Alitufundisha hata kusalimiana, kwamba mkono wa mteja haushikwi kama unaokota ndagala, vile vidagaa, wala kama unakamua nguo. Mwishoni akasema mambo mawili ambayo wenzangu waliyasahau palepale kwenye fanta, lakini mi nikaenda nayo nyumbani kama dawa ya hospitali: patron, yaani bosi, wa kweli habebi mfuko wake mwenyewe, na mteja hasahihishwi mbele ya watu.

Basi wiki ileile nikapata randevu, miadi na mteja mkubwa. Hoteli moja ya ufukweni kule Kajaga ilitaka kubadilisha nguo za wafanyakazi wake wote, na mkuu wa hoteli, Madame Spès, alikuwa ameongea nami kwa simu tu, hajaniona hata siku moja, na mi kwenye simu nilikuwa nimesema "nyumba yetu ya ushonaji" kana kwamba ina ghorofa. Akasema nije Jumatano saa nne asubuhi. Kazi ya namna hiyo ingenitoa kwenye kurefusha sketi za shule na kubana suruali za watu waliokonda. Nilikaa siku mbili nikijishonea nguo ya kwenda nayo: shati jeupe la kola ya kusimama, sketi nyeusi yenye bitana, upindo nimeushona kwa mkono, uzi mmoja mmoja, hadi macho yakawa yanatoa machozi.

Ikabaki habari ya mfuko. Nani ataubeba? Ndipo nikamkumbuka jirani yangu Muzee Deo, mstaafu, aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye makaratasi ya wizara na ambaye mpaka leo hawezi kwenda kununua mkate bila tai. Nikamwomba anisindikize, ashike mfuko wangu, na akiulizwa aseme yeye ni sekretere wangu. Alirekebisha tai yake, nikadhani nimemvunjia heshima, kumbe alikuwa anafikiria mambo ya kazi. Akaniuliza kama ataandika ripoti ya kikao. Nikamwambia akitaka aandike. Uso wake ukawa wa kijana.

Siku ya siku, taxi tuliipata kwa shida (mafuta hayapatikani, mnajua wenyewe), na ile tuliyoipata madirisha yake hayafungi, kwa hiyo vumbi la barabara lote likaja kukaa usoni kwangu. Tukafika zikiwa zimebaki dakika kumi. Mlinzi wa getini akaiona ile suti ya Muzee Deo na tai yake, akapiga saluti, mi akanipita kwa macho kama ninavyopitwa na mabasi. Nilipaswa kujifunza kitu pale pale getini. Sikujifunza. Nikamwachia Muzee kila kitu, mfuko, simu, vitambaa vya mfano, kadi zangu mpya, nikamwambia atangulie mapokezi, mi nanawa uso nakuja.

Nikanawa, nikafunga kilemba vizuri, nikatoka. Kulikuwa na milango miwili na mi nikachukua ule usio wangu, nikajikuta kwenye korido inayonuka vitunguu, uso kwa uso na mwanaume mmoja mrefu aitwaye Fabien, ambaye baadaye nilijua ndiye mkuu wa wahudumu. Akanitazama kutoka juu mpaka chini. Nyeupe juu, nyeusi chini. (Ninyi mmeshaelewa. Mi nilielewa pale tu wasichana wawili walipopita nyuma yake na vikombe, nyeupe juu, nyeusi chini.)

"Ni we ule wa leo?" akaniuliza.

Sasa nisikilizeni, mi kweli nilikuwa wa leo. Randevu ilikuwa ya leo. Na wapishi wawili walikuwa wamesimama wanatutazama, na wale wasichana wamegeuka, na sauti ya kijana wa suti ya bluu ikaniambia kichwani kwamba mteja hasahihishwi mbele ya watu. Nikajibu ndiyo. Neno moja tu, dogo, hata mate halichukui.

Akasema nimechelewa, akanifunga aproni kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, akanipa sinia la vikombe na chupa kubwa ya kahawa, akanielekeza ukumbini ambako kulikuwa na semina ya watu wa ofisi moja ya Kigobe. Nilitaka kumweleza, wallahi nilitaka, lakini ukishika kahawa ya moto huongei, unatembea. Halafu akanitupia neno lililonimaliza kabisa: nikitoka ukumbini nipeleke chai ofisini kwa Madame, ana mgeni mkubwa. Nikajiambia, Zaituni, hiyo chai ndiyo itakufikisha. Utaingia, utaweka sinia, utavua aproni, utakaa kwenye kiti chako, na hakuna atakayejua.

Meza ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikamimina vizuri tu. Meza ya nne alikaa Mama Chantal.

Mama Chantal ni mteja wangu. Nguo yake ya sherehe ya mahari ya mdogo wake nilikuwa nimemuahidi Ijumaa, si Ijumaa iliyopita, ile ya kabla yake. Alinitazama usoni, akatazama chupa ya kahawa, akatazama aproni, kisha akasema taratibu, kwa ile sauti ya chini ambayo meza nzima inasikia, "Zaituni, kumbe ndiyo maana robe yangu haiishi."

Na mi nikafanya nini? Nikamuuliza kama anaweka maziwa.

Nilitoka mle ukumbini jasho limeshafika kwenye bitana, nikachukua sinia la chai, nikabisha hodi ofisini. Nilichokikuta sitakisahau. Muzee Deo ameketi kwenye kiti cha ngozi, mguu juu ya mguu, vitambaa vyangu vya mfano amevitandaza mezani kama ramani, na Madame Spès, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, anamsikiliza kwa heshima na kumwita Monsieur le Directeur, bwana mkurugenzi. Muzee akainua macho akaniona. Nikaona macho yake yanaruka, yanashuka kwenye aproni, yanarudi. Nikamkazia macho mimi pia, kwa maana ya kwamba sema kitu, niokoe. Akakohoa.

"Asante, mwanangu," akasema. "Weka hapo. Mi sukari kidogo."

Nikaweka. Nikashika birika. Na nikiwa bado natafuta namna ya kuanza, Madame akanishika kiwiko bila hata kunitazama usoni, akaniambia nigeuke kidogo, nikageuka, akamwambia Muzee, "Ona, Monsieur, njo nguo kama hii sitaki tena kuona hapa kwangu. Ona hii kola. Ona hii sketi, mutu alishona akisinzia."

Siku mbili nilizotoa machozi. Nilisimama pale nikizungushwa kama kuku wa sokoni, nikisubiri Muzee Deo, jirani yangu, aliyekula pilau yangu ya Idi, anitetee. Muzee akatoa miwani yake mfukoni, akaivaa polepole, akainama, akashika upindo wa sketi yangu kwa vidole viwili kama mtu anayekagua samaki.

"Kweli, Madame," akasema. "Kwetu kazi ya namna hii haivuki mulango."

Watu wananiambia kwamba kilichofuata nilikifanya kusudi. Sikufanya kusudi. Nilikuwa namimina chai yake na macho yangu yalikuwa kwenye kichwa chake chenye mvi, basi chai ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikateremka mezani mpaka kwenye suruali, na Muzee akaruka juu na suti yake yote.

"Zaituni, unaniunguza."

Madame Spès akavua miwani, ikaning'inia kwenye mnyororo wake. Akauliza kama tunajuana. Tukajibu kwa pamoja, na hapa ndipo ningependa ardhi ya Kajaga ifunguke maana ina mchanga laini. Mi nilisema, "Ni baba yangu mudogo." Yeye akasema, "Ni patron wangu."

Kabla Madame hajachagua jibu moja, mlango ukafunguliwa, Fabien akachungulia, akaomba radhi, akasema anamtaka yule mpya, sukari imeisha ukumbini.

"Huyu si mupya," Madame akamwambia.

"Basi ni nani?"

"Hata mi nauliza."

Nikawaeleza. Yote, nimesimama, aproni kiunoni, birika mkononi, kuanzia kijana wa suti ya bluu mpaka Mama Chantal, na Muzee Deo pembeni anafuta suruali kwa kitambaa changu cha mfano, kile cha bei. Nilidhani Madame atacheka, na kicheko kingenisaidia. Hakucheka. Alingoja nimalize, akamwambia Fabien achukue sukari mwenyewe, kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Mama," akasema, "mi nilikuwa natafuta fundi. Ungeingia hapa na sindano mu mukono, tungekuwa tumeisha maliza."

Halafu akainama, akageuza upindo wa sketi yangu, akaangalia upande wa ndani, akaangalia kwa muda mrefu kuliko Muzee. Akaniuliza kama ni mi niliyeushona. Nikasema ni mi. Akasema upindo ni mzuri, ila kola ni mbaya, na sketi inakaba kiunoni, mtu hawezi kubeba sinia nayo siku nzima. Nilitaka kubisha, lakini nilikuwa nimetoka kubeba sinia nayo. Ilikuwa inakaba.

Kazi ya nguo za wahudumu sikuipata, aliipata fundi mmoja wa mjini. Mi nilipewa aproni za jikoni, ishirini na nne, na sharti moja: nizilete peke yangu.

Kwenye taxi ya kurudi Muzee alikuwa anapepea suruali yake ikauke mpaka tulipovuka daraja. Hapo Muzee Deo akaanza, akitazama nje, akasema kwamba alimwambia Madame kweli kabisa kuwa yeye ni sekretere tu, Madame akacheka akidhani ni utani wa wakubwa, akamwita Monsieur le Directeur, na yeye miaka yote thelathini ya kazi hakuna aliyewahi kumwita hivyo hata kwa kukosea, akaona aache tu kwa dakika tano. Nikamuuliza na upindo je. Akasema pale alikuwa ameshafika mbali, angekataa Madame angejua hajui kitu. Nilikuwa na maneno makali nimeyaandaa tangu tulipotoka getini, yakayeyuka. Na mi mwenyewe si niliacha kwa dakika tano? Nilimlaumu kwa suruali tu, maana aliniletea nyumbani niifue, na nikaifua.

Mama Chantal alihakikisha Kigobe yote imejua kabla ya swala ya adhuhuri, na Jabe ikajua jioni, kwa wiki nzima watu wakipita mbele ya mlango wangu wananiagiza kahawa. Nguo yake nilimaliza siku ya pili. Nilimpelekea mwenyewe, mfuko begani.

Siku hizi nikiingia ofisi yoyote, hata kabla salamu haijaisha, naanza: mi ni Zaituni, fundi, nashona. Mlinzi namwambia, wa mapokezi namwambia, anayefagia namwambia. Wengine wananiona mshamba. Sawa. Yule kijana alisema mteja anakuhukumu kabla hujafungua mdomo, hakusema kwamba dawa yake ni kuufungua mapema.

Na Fabien, Mungu amweke, ile siku nilipopeleka aproni alinivuta pembeni akaomba namba yangu, nikadhani anataka kushonewa shati. Juzi akanipigia. Wasichana wawili wanaumwa, kuna harusi Jumamosi, na kwa kweli, akasema, katika wote aliowahi kuwapokea siku ya kwanza, hajaona anayebeba sinia limenyooka kama mi. Nikamkatalia. Nilipokata simu nikakaa kidogo mbele ya cherehani, na niwaambie ukweli, nilifurahi.