Kukaa Kabla ya Kuchoka

Kiwandani walimwita Mama Gundi, kwa sababu akishakaa kwenye meza ya kujalidi vitabu hainuki mpaka kazi iishe. Zamani hiyo ilikuwa sifa. Mzee mwenye kiwanda, Mungu amrehemu, aliwaambia wageni, "Huyu hajui kuchoka," na wageni wakaelewa. Siku hizi vitabu vinabandikwa na mashine, vinafumuka kabla msomaji hajafika katikati, na mtu anapimwa kwa saa ya ukutani.

Bosi sasa ni mtoto wa yule mzee. Mama Gundi alimbeba mgongoni humo humo, katikati ya marundo ya karatasi. Naye ndiye aliyemwambia, macho yakiwa kwenye simu:

"Mama Gundi, asubuhi unatembea vizuri, mchana unaburura mguu. Ugonjwa gani huo unaosoma saa?"

Ugonjwa ulikuwa na jina: multiple sclerosis. Kinga ya mwili huigeukia mishipa ya fahamu na kuibambua ganda lake, kama waya unaochunwa plastiki. Joto likipanda, habari za ubongo hazifiki mguuni. Alianza kueleza, bosi akamkatiza.

"Ijumaa saa nane mchana utabeba rimu ya karatasi kutoka stoo hadi juu ya ngazi. Peke yako. Ukishindwa, tuagane kwa wema."

Aliyemwandaa ni binti wa hospitali, mtaalamu wa tiba ya viungo, mwenye sauti laini na mikono migumu. Alimpandisha ngazi ya mazoezi, na kabla hajafika juu akamwambia, "Kaa, mama."

"Sijachoka."

"Ndiyo maana nakwambia ukae. Ukingoja uchoke, mguu hautakusikia tena."

"Mwanangu, mimi nimelelewa kumaliza kazi."

"Na mimi nimesomea kukuzuia usianguke. Tutaona nani mbishi."

Dada yake Mama Gundi, aliyemsindikiza, akadakia, "Mkandeni kwa maji ya moto tu."

"Hapana, mama mkubwa. Joto litammaliza. Kitambaa cha maji baridi, shingoni."

Dada akabinua mdomo. "Haya. Siku hizi hata maji ya moto yamekuwa sumu."

Ijumaa bati la kiwanda liliwaka kwa jua. Bosi alisimama juu ya ngazi, mikono mfukoni. Wafanyakazi walijifanya wanatafuta vitu wasivyovipoteza. Mama Gundi alikumbatia rimu kwa mkono mmoja, wa pili ukashika chuma cha ngazi, akapanda. Katikati, ncha ya kiatu cha kushoto ikakwaruza ukingo wa kidato. Kidogo tu. Nguvu bado alikuwa nazo, na juu palionekana karibu.

Akakaa.

"Gundi imekauka," mtu akasema huko chini, na kicheko kikapita.

Masikio yake yakawaka. Maisha yake yote hakuwahi kukaa mbele ya watu na kazi iko mkononi.

"Umeshindwa?" bosi akauliza.

"Nimekaa."

Akaiweka rimu mapajani, akatoa kitambaa kibichi mfukoni, akajifunga shingoni. Ndani ya kiatu akajaribu kuinua vidole, kama alivyofundishwa. Havikuinuka. Bosi akatazama saa. Mama Gundi akajaribu tena, wapi. Jasho likamwingia machoni naye hakulifuta; macho yalikuwa kwenye kiatu. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Kisha kidole gumba kikasogea. Vingine vikakifuata kwa uvivu. Akakumbatia rimu tena, akainamisha kifua mbele ya magoti, akavuta chuma, akasimama. Akapanda akiangalia mguu tu, mpaka akaona viatu vya bosi mbele yake.

Akamkabidhi rimu.

"Baba alisema hujui kuchoka," bosi akasema.

"Baba yako hakuwahi kunipandisha ngazi ili anitazame."

Bosi aliitazama rimu mikononi. "Rudi mezani. Ila msimu wa joto wenyewe haujafika, Mama Gundi. Tutaona."

Hilo Mama Gundi alilijua kuliko yeye. Jumatatu alfajiri, kabla milango ya hospitali haijafunguliwa, alikuwa nje akimngoja yule binti.

"Leo sitabishana," akamwambia. "Nifundishe ya joto kali."