Maneno ya Bi Somoe Niliyoyapindisha

Nakumbuka Jumamosi moja pale Masasi, mwanangu, niliposimama mbele ya ukumbi uliojaa watu nikasema uongo kwa sauti nzuri, na watu wakanipigia makofi.

Wakati huo nilikuwa binti, shule nimemaliza, nimepata kibarua kwenye makumbusho ya mambo ya kale. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi milango ilikuwa wazi bila kiingilio. Walikuja wakulima wa Chiwata na Nanganga, walimu na wanafunzi wao, na watumishi waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa ya mbali. Mtaalamu alifundisha, kisha watu wakashika kwa mikono yao vigae vilivyochimbwa ardhini na kuuliza maswali. Kazi yangu ilikuwa kupanga viti na, mzee akialikwa, kutafsiri Chimakonde chake. Nilijiona nimefika. Nilivaa viatu vya kisigino hata kwenye vumbi la stendi.

Siku hiyo tulimwalika Bi Somoe, mfinyanzi wa Mkunya, kule Newala. Kiswahili alikisikia chote, kama sisi sote, ila jambo zito alilisema kwa lugha ya mama yake.

Mtaalamu wetu, bwana mmoja msomi asiye wa huku, alionyesha vigae ndani ya kabati la kioo. Akasema kule juu Newala ardhi ni mchanga, udongo wa kufinyanga hakuna, kwa hiyo vyungu vizuri namna ile vililetwa na wageni. Wenyeji walivipokea tu. Kibao cha maelezo kilikuwa kimeshaandikwa hivyo hivyo. Kisha akamgeukia mgeni wetu. "Bibi naye atusalimie kidogo."

Bi Somoe aliinuka taratibu, akasema kwa Chimakonde, "Mwambie bwana huyu kwamba udongo tunaushukia bondeni, huko huko tulikokuwa tukishukia maji. Mama yangu alipanda nao kichwani, na bibi yangu kabla yake. Mistari hii ya shingoni mwa chungu naichora mpaka leo kwa kijiti cha mwanzi. Kibao hicho kinatusingizia."

Ukumbi mzima ukanitazama mimi. Mimi nikamtazama mtaalamu, ambaye ndiye angenipendekeza kwenye ajira ya kudumu. Nikasema, "Bibi anashukuru sana kwa kualikwa, na amefurahi kuona vyungu vya zamani vimetunzwa."

Makofi! Wachache waliojua lugha waliinamisha macho. Hakuna aliyenisuta, na hilo nalo liliniuma baadaye, lakini kosa lilikuwa langu.

Bi Somoe hakunipigia kelele. Tulipotoka nje aliniambia kwa Kiswahili, polepole, "Mjukuu wangu, nimewahi kunyamazishwa kwa kukatazwa kusema. Leo nimenyamazishwa huku nasema." Akapanda basi la Newala akaenda zake.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole nimejikwaa mara nyingi, mwanangu, na jeraha likapona. Lile la ulimi lilininyima usingizi. Siku ya nne nikafunga safari hadi Mkunya, na sukari mkononi.

Nilimkuta uani akikwangua chungu kibichi kwa kipande cha kibuyu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Nikaomba radhi. Sukari akaipokea, radhi akaikataa. "Maneno yangu umeyaharibu mbele za watu," alisema. "Yatengeneze mbele za watu. Hapa uani tupo mimi na kuku." Kisha akanipa kikapu tukashuka bondeni. Mteremko ule nilikuwa nikiusikia tu kwenye hadithi za bibi zetu. Nilipanda na udongo kichwani, shingo inawaka, viatu nimevishika mkononi. Juu akaniambia, "Haya. Sasa unajua unachokitafsiri."

Mwezi uliofuata mtaalamu akarudia darasa lake neno kwa neno. Bi Somoe alikuwa ameketi mstari wa mbele, donge la udongo mapajani. Nikasimama. Magoti yalikuwa yanatetemeka, sikufichi.

"Samahani. Mwezi uliopita nilitafsiri uongo."

"Binti, kaa chini," alisema mtaalamu. "Wewe ni mkalimani tu."

"Ndiyo, na hii ni tafsiri. Imechelewa mwezi mmoja." Nikayasema yote, hadi lile la kusingiziwa.

Bi Somoe akaweka donge mezani, akalichora kwa kijiti chake. Mwalimu mmoja wa Chiwata akachukua kigae cha kale akakilaza kando yake. Mistari ilifanana. Mtaalamu akasema kufanana si ushahidi. Labda alisema kweli, mimi si msomi wa mambo hayo. Lakini Bi Somoe akamjibu kwa Kiswahili kila mtu akasikia, "Basi andika kwamba wewe hujui. Usiandike kwamba sisi hatukujua."

Jumatatu niliambiwa nisirudi kazini. Nililia, na baba yangu alinifokea miezi kadhaa. Kibao kilikaa pale pale mpaka yule mwalimu na wanafunzi wake walipoandika barua, moja, ya pili, na nyingine tena. Mwishowe kikabadilishwa, kikawataja wafinyanzi wa uwanda wa Makonde. Jina la Bi Somoe hakikulitaja. Niliuliza, nikaambiwa nafasi haitoshi. Nafasi ya jina moja!

Bi Somoe ameshatangulia mbele ya haki. Mimi, kila Jumamosi ya wazi, naenda nasimama kando ya kabati lile nikiwaambia watoto wa shule jina lake na njia ya bondeni. Mlinzi mmoja aliwahi kuniambia wanaoruhusiwa kueleza ni wafanyakazi tu. Nikamwambia amwite mkubwa wake. Mimi ni mzee, muda ninao. Mkubwa hakuja.

Mwanangu, udongo uwahi ungali maji, ndiyo maana nakuambia ungali kijana. Utapewa siku moja kazi ya kumsemea mtu: kutafsiri, kuandika taarifa, kutoa ushahidi. Usiyalainishe maneno yake ili mkubwa apendezwe. Heshima si kukubali kila kitu. Mwamkie mkubwa wako, kisha mwambie amekosea. Na ukishakosea wewe, usiende kuomba radhi gizani kwa jambo ulilolifanya juani. Utapoteza kitu, sikudanganyi. Kipoteze.

Mungu akupe ulimi ulionyooka na magoti yatakayokushika hata yakitetemeka. Akuinulie wazee wa kukukemea, na akujalie masikio ya kuwasikia. Nenda, mwanangu, nimekubariki.