Kipimo cha Pacha Wangu Ni Changu Pia

Admin, nifichie jina, watu wa Gisenyi tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa, nashona nguo mtaa wa Mbugangari. Wazazi walirudi nasi Rwanda kutoka Tanzania tukiwa wadogo, mimi na pacha wangu. Tunafanana hadi watu wanatuchanganya. Yeye alitangulia kuzaliwa, hivyo kwa desturi ya Kinyarwanda anaitwa Gakuru, mkubwa, na mimi Gato, mdogo.

Mama yetu aliugua akiwa na miaka arobaini na kitu. Mikono ikawa inarukaruka yenyewe, akitembea anayumba, majirani wakasema anakunywa. Mwishowe hakutujua hata sisi, akafariki. Daktari alitueleza kuwa ugonjwa ule unarithiwa, na kuna kipimo cha damu cha kujua kama utakupata, ila dawa ya kuuponya haipo. Akasema kwa pacha kama sisi, jibu la mmoja ni la wote wawili.

Mimi nilikataa kupima. Gakuru alikuwa na mchumba, akasema hawezi kuolewa gizani. Tuligombana, tukalia. Mwisho nikamwambia, "Nenda, lakini usiniambie kamwe." Akaapa.

Aliporudi na majibu kutoka Kigali alipitia kwangu, akala, akacheka. Wiki hiyohiyo akavunja uchumba. Ukimuuliza sababu, anasema amebadili mawazo tu.

Kisha nikapata mimba, niliyoingoja miaka. Nilipomwambia Gakuru alinikumbatia, akalia, akashindwa kuniachia. Mama mkwe alisema ni wivu. Mume wangu, fundi wa magari, mzaliwa wa hapa, hakuamini. Akamfuata kwake.

"Mi nilimuuliza," aliniambia aliporudi. "Hakusema kitu. Lakini nilimuangalia mu macho, na ile sura ni yako, mi naisoma. Bon, mi nimejua."

"Umejua nini?"

"We si ulisema hautaki kujua?"

Tangu siku hiyo ananihudumia kwa upole unaonitisha. Juzi, tukiwa mezani, akasema huyu mtoto akizaliwa tusitafute mwingine. Niliinuka nikaondoa sahani.

Huenda amekosea. Huenda Gakuru alimwacha yule mwanaume kwa mambo yao wenyewe. Lakini nawaona wanavyoniangalia, na mtoto ameanza kucheza tumboni. Kesho Gakuru anakuja. Jamani, nishaurini: nimwambie aseme, au nimwombe aendelee kunyamaza?