Tende na Sanamaki

Mwaka tuliofungiwa ndani ya kijiji cha seng'enge, nje kidogo ya mji wa Isiolo, matumbo yetu yaligoma. Sisi Waborana tulikuwa watu wa maziwa. Askari walipochukua ngamia wetu wakatuletea unga wa mahindi, tumbo halikujua la kufanya nao. Watoto walilia chooni. Wazee walikaa siku nne, tano, bila kwenda haja, wakanyamaza kwa aibu.

Mama akatafuta njia. Mara moja kwa juma aliruhusiwa kwenda sokoni, na huko alibadilisha shanga zake kwa tende, ufuta na ukwaju. Tulitoa kokwa za tende, tukakaanga ufuta, tukatwanga vyote pamoja na tangawizi na ukwaju uliolowekwa, kisha tukaviringa vidonge. Vilikuwa vitamu, na uchachu kidogo. Kila mtu alikula kimoja asubuhi na maji mengi. Haikuchukua siku tatu, watu wakaanza kupiga soga tena.

Ngamia wetu walichukuliwa kwa sababu kuna mtu aliyetuchongea. Jirani, aliyekunywa maziwa yetu tangu kabla sijazaliwa, aliwaambia askari kwamba baba analisha shifta, waasi wa porini. Baba akapakiwa kwenye lori, hakurudi. Jirani akafanywa mkuu wa kijiji, akapewa koti la kaki.

Siku moja mchana mtu huyo alisimama mlangoni petu, mkono tumboni.

"Salaam aleikum, mama. Siku ya sita leo sijapata choo. Nisaidie."

"Aleikum salaam," mama akajibu. "Binti yangu atakutengenezea."

Nilimvuta kando. "Mama, huyu?"

"Tumbo lake halikutukosea," akasema, akaenda kuchota maji.

Kwenye foleni ya maji ndiko nilikosikia asubuhi ile kwamba kesho yake, mbele ya baraza, angewanyooshea kidole wanaume wengine wapakiwe kama baba. Nilifungua kopo la mama la sanamaki, majani ya kuharisha. Mama huchemsha majani machache tu, kwa mtu mzima. Mimi nilitwanga konzi nzima ndani ya vidonge vitatu, nikampa kwa mikono miwili.

"Kula vyote usiku wa leo, mzee. Vinafanya kazi polepole."

Akanibariki.

Asubuhi wanaume walipangwa juani, lori likiwa tayari. Mkuu wa kijiji alisimama kando ya ofisa, akainua kidole kwa mtu wa kwanza. Kidole kikabaki hewani. Jasho likamtoka. Alitembea kuelekea chooni, akarudi, akaenda tena mbio. Mara ya tatu hakufika. Bibi mmoja alianza kucheka, na kicheko kikapita kijiji kizima. Ofisa alifunika pua, akapanda lori, likaondoka tupu. Nilimtazama mkuu wa kijiji mpaka mwisho. Sikutaka kupoteza hata hatua yake moja.

Mama aliponiuliza niliweka nini, nilimwambia. Alinipiga kofi, mara ya kwanza na ya mwisho.

"Mtu akila kwetu akaumia, nani atakula tena?"

Alisema kweli. Kwa majuma kadhaa wanawake walikataa vidonge vyetu, mpaka mama alipovila mbele yao, kimoja kutoka kila sahani. Hilo peke yake ndilo ninalojutia.

Wanaume wale walinishukuru miaka mingi, wakisema niliwaokoa. Nilipokea shukrani zao, lakini sikuwa nimewafikiria hata kidogo. Nilitaka tu aliyemuuza baba aonekane na kila mtu, mchana, akiwa amevaa lile koti.

Alinyang'anywa koti. Seng'enge ilipoondolewa alihamia upande wa Kipsing, akazeeka huko. Alipokuwa mgonjwa wa kufa alimtuma mpwa wake aniombe msamaha. Nilimkaribisha kijana, nikamkalisha, nikamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikammiminia chai na kumwuliza kama mvua imenyesha Kipsing.