Kilo ya Mchele Niliyompelekea Bibi

Ugonjwa wangu ni wa wazee. Daktari aliniambia hivyo mwenyewe, akitazama picha ya tumbo langu, halafu umri wangu kwenye faili, halafu picha tena, kama karani aliyeletewa jalada la mtu mwingine. Alisema utumbo wangu mpana umeota vifuko vidogo, na kimoja kimevimba na kupata maambukizi. Mimi nikawaza: nina shahada, sina kazi, mifuko ya suruali haina kitu, na mwili umeona bora ushone mingine kwa ndani.

Maumivu yenyewe yalinishika asubuhi ya usaili wangu wa kwanza. Wenzangu waliingia ukumbini, mimi nikaingia wodini.

Daktari alinipa dawa na maelezo ambayo mtoto wa darasa la tatu angeyaelewa. Wakati wa maumivu nile vyakula laini: uji uliochujwa, wali mweupe, ugali wa sembe. Nikishapoa nirudishe nyuzinyuzi kidogo kidogo, yaani dona, maharage, mboga za majani, matunda, na maji ya kutosha.

"Na mbegu, dokta?"

"Mbegu hazina shida."

"Hata za zabibu?"

"Kijana," akasema, na kunionyesha mlango.

Nilipoa ndani ya wiki mbili. Lakini mimi ni mtu wa kufikiria mambo mpaka yanachoka. Kule kwenye simu nilikuta watu wanaosema mbegu zinanasa kwenye vifuko, na watu wengine wanaosema huo ni uzushi wa zamani. Basi nikachukua daftari, nikachora safu tatu: Salama, Hatari, Sijui. Wali mweupe ukaingia Salama. Pilipili ikaingia Hatari. Vingine vyote, kuanzia nyanya na bamia hadi ubuyu, vikarundikana kwenye Sijui. Zabibu nilizihamisha mara nne, na Dodoma hii msimu wake ukifika unauziwa zabibu kila kona.

Pale Chang'ombe, hapahapa Dodoma, ninapoishi, kuna mama lishe ambaye nilikuwa mteja wake mwema. Siku moja nilijikaza, nikaagiza maharage.

"Haya maganda yake," nikamuuliza, "hayatoki?"

"Maganda ya maharage?"

"Ndiyo. Sijui kama unaweza kunimenyea."

Aliweka upawa chini taratibu. "Jamani," akawaambia waliokaa kwenye benchi, "kuna mtu hapa anataka maharage yavuliwe nguo." Toka siku hiyo nikifika alikuwa ananipakulia wali mkavu bila kuniuliza, na benchi zima linainamia sahani kuficha kicheko.

Kwa hiyo nikawa nimepona kwa mwezi mzima huku bado ninakula kama mgonjwa. Matokeo yake sitayaremba: choo kikagoma. Siku tatu, siku nne. Nikaanza kuogopa kwamba hicho nacho kitaamsha vifuko. Hapo ndipo nikaitwa kwenye usaili wa pili, Jumatatu, pale Makole, mjini hapa. Na bibi yangu mzaa baba akapiga simu kutoka kijijini Gulwe akisema kama Jumamosi sitafika kumwona, nisimsumbue tena maishani mwake.

Nisipokwenda ni kesi. Nikienda, bibi atapika, na chakula cha bibi chote kiko kwenye Sijui. Nikila na tumbo likalipuka, usaili wa pili nao nitausikilizia wodini. Nilitafakari usiku kucha, nikapata suluhisho nililoliona la kisomi kabisa: nikabeba kilo moja ya mchele mweupe kwenye begi. Ningesema kwa upole kwamba daktari ameagiza niupike huo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu." Ananiita hivyo tangu nikiwa mchanga, na ananikagua kama mke kweli. "Mbona suruali inakutoroka? Na hicho ulichobeba nini?"

"Mchele, bibi."

"Umeniletea mchele!" Akaupokea kwa mikono miwili, akaubusu mfuko, akamwita jirani aje aone mjukuu aliyesoma alivyo na adabu. Kisha akaingia nao ndani na kuufungia kwenye sanduku la vitenge. Nilisimama uani nikiutazama mlango. Hakuna chuo kinachofundisha namna ya kumnyang'anya bibi zawadi yake.

Chakula kikaja: ugali wa uwele, wa rangi ya jivu, na mlenda, ile mboga ya Wagogo ya majani yanayoteleza, uliotiwa karanga za kutwanga. Nilinawa polepole kama daktari wa upasuaji. Kichwa nacho kikaanza kazi yake: kamusi inasema uwele ni nafaka, na kamusi hiyohiyo inasema uwele ni ugonjwa. Nikamega tonge dogo.

"Unamega kama unaogopa kuuamsha," bibi akasema.

Ikabidi nimweleze. Vifuko, uvimbe, dawa, yote. Alisikiliza huku anakula.

"Huo ni ugonjwa wa rika langu. Umeuchukulia wapi?"

"Sijui, bibi."

"Na daktari amesema ule nini?"

"Nirudishe nyuzinyuzi. Kidogo kidogo."

Bibi akachovya tonge kwenye mlenda, akainua mkono juu ya kichwa. Mlenda ukavutika kutoka bakulini hadi kwenye vidole vyake, uzi mrefu, unang'aa, haukatiki.

"Nyuzi si hizi?" akasema. "Huyo daktari wako ni Mgogo?"

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Nimwambie kwamba nyuzinyuzi za daktari si zile zinazovutika, ni zile za maganda na majani ambazo tumbo halizisagi. Halafu nikatazama sahani. Majani ndiyo hayo. Uwele ulikuwa umesagwa na pumba zake. Bibi alikuwa amekosea neno akapatia mlo mzima, na mimi nililijua neno vizuri, nikaishi mwezi mzima kwa wali mkavu. Nikafunga mdomo, kisha nikaufungua tena kwa kazi yake. Nilikula matonge manane, kidogo kidogo kama nilivyoagizwa, nikashushia na maji hadi bibi akauliza kama nimemeza moto.

Jumapili nilirudi Dodoma nikiwa nimeshika ubavu wa kushoto, nasubiri maumivu. Tumbo lilinguruma tu, kama mtu anayesogeza kabati chumba cha pili.

Jumatatu alfajiri, kabla sijavaa shati la usaili, kabati lilifika mlangoni. Nilikimbia msalani. Nilikaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa furaha tu. Nilipotoka nikampigia bibi kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Bibi, nimepata!"

Akapiga vigelegele vya kuamsha Gulwe nzima. Nilingoja vimalizike.

"Umepata kazi, mume wangu?"

"Hapana, bibi. Choo."

Nikamsikia akimweleza jirani, jirani naye akacheka mpaka akakohoa.

"Basi nawa mikono," bibi akasema, "uende ukatafute hiyo nyingine."

Nikanawa. Nikavaa shati, nikaliacha daftari mezani, nikaenda Makole kwa miguu. Saa tatu waliponiita, niliinuka nikaingia.