Kazi Iliyopitia kwa Mke Wangu

Nakumbuka siku moja asubuhi nilikuwa nyumbani kwa baba mkwe wangu, Buhongwa, nimevaa suti niliyoinunua Botswana, namweleza kwa kujiamini kabisa kwamba binti yake anaacha kazi. Lakini mwanangu, ngoja nirudi nyuma kidogo. Nikianzia hapo utaniona mjinga tu, na mimi nataka ujue nilivyoufikia huo ujinga.

Miaka ile ya tisini, kiwanda cha kuchambua pamba nilikokuwa fundi mitambo kilipunguza watu, nami nikawemo. Nikabaki Igogo, kando ya ziwa, natengeneza injini za mitumbwi ya wavuvi. Leo kazi ipo, kesho haipo. Mke wangu, Veronika, alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Wakati huo walimu wetu wengi walikuwa wakienda Botswana, naye akaomba, akapata mkataba. Tukafunga mizigo.

Kule hati yangu ya ukaazi ilisema mimi ni mume wa mwalimu, basi. Kufanya kazi marufuku, mpaka apatikane mwajiri wa kuniombea kibali. Nilizunguka gereji za mji ule kwa miguu, na jua la kule si la mchezo, kila mahali naambiwa nilete kibali kwanza. Nikirudi namkuta Veronika anasahihisha madaftari, nami nakaa namtazama. Iliniuma, sikufichi.

Kumbe shule yake yenyewe ilikuwa inatafuta fundi wa pampu ya kisima. Mkuu wa shule akamwambia Veronika aniite, na kibali angeniombea yeye. Nikakataa. Nilimwambia mke wangu sitaki kazi ya kubebwa na mwanamke, ya kwangu nitaitafuta mwenyewe. Akarudi kwenye madaftari yake. Kila siku niliisikia ile pampu ikikohoa ng'ambo ya ua, ugonjwa wake naujua kabisa, na sikunyanyuka.

Likizo ilipokaribia nikamwambia nimechoka, turudi nyumbani moja kwa moja. Hakubishana. Aliandika barua ya kuacha kazi, akaiweka kwenye mkoba, akaomba tu asiipeleke kabla hatujawaambia wazazi wake. Ndivyo nilivyofika Buhongwa na suti yangu.

Baba mkwe, Mzee Masanja, alikuwa mfugaji, mtu wa maneno machache. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea hata kidogo.

"Wale ng'ombe uliowaleta hapa kumwoa Veronika, walikuwa wa kwako wote?"

"Hapana, baba. Nilichangiwa."

"Na nani?"

"Baba zangu wadogo. Na wajomba."

"Wajomba ni ndugu wa nani?"

"Wa mama, baba."

"Basi ng'ombe wengine walipitia kwa mama yako," akasema taratibu. "Hukuwakataa. Hukusema hutaki kubebwa na mwanamke. Uliwaswaga mpaka hapa kwangu ukiimba. Leo kazi imepitia kwa mwanangu, umeiona chafu?"

Akainuka, akaenda kuwatazama ndama wake.

Veronika alikuwa jikoni na mama yake. Nikamwita uani, nikamwomba samahani, kisha nikamwomba aichane ile barua.

"Nikiichana, utakwenda kwa mkuu wa shule?"

"Nitakwenda. Lakini unisindikize. Kiingereza changu ni cha kuombea maji tu."

Akacheka, akacheka, mara nikaona analia. Hapo ndipo nilipojua alivyoipenda kazi yake, na kwamba ilibaki kidogo tu nimnyang'anye kwa kiburi changu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Tulirudi Botswana, na pampu ile nikaihudumia miaka minane.

Sasa mwanangu, nasikia na mkeo amepata shule ya kufundisha Kiingereza nje, nawe umekaa Mkuyuni unasema huendi kulishwa na mwanamke. Nenda. Ila kabla hamjaondoka, ulizeni vizuri hati yako itasema nini kuhusu kazi, ubebe na vyeti vyako vya ufundi. Jioni keti na mkeo akufundishe Kiingereza, usione haya. Mimi nilichelewa kuanza na nilijutia. Ukipata kazi kwa sababu wanamwamini yeye, ifanye vizuri usimwaibishe. Na siku utakayojisikia kumwambia aache kazi ili wewe ujione mwanamume, funga mdomo, katembee kwanza, ndipo urudi.

Mungu awatangulie njiani, awape riziki nyote wawili kwa mlango wowote autakao, na awarudishe ziwani kwetu mkiwa bado mnacheka pamoja.