Kadi Niliyoitia Moto Pugu

Sikio langu la kushoto halisikii. Aliyeliua ni mume wangu wa kwanza, ingawa mkono wake haukunigusa. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimeshaanza kuwaimbia wali, wale wasichana wa unyago, alipoficha redio kaseti chini ya kitanda kwenye chumba tulichokuwa tunafundia. Akanasa nyimbo za ndani, zile ambazo mwanaume hazisikii mpaka anaingia kaburini. Wiki hiyohiyo zikawa zinapigwa kwenye kilabu cha pombe Temeke, wanaume wanagonga meza kwa kucheka. Nilipombana akaniapia kaifuta ile kaseti. Kesho yake ikapigwa tena. Wanawake wenzangu wa unyagoni walijua mie ndiye niliyemfungulia mlango, wakanipiga kwa mchi. Nikapona. Sikio halikupona.

Nimeanza na hayo ili mtu aelewe nilichofanya Pugu mwaka jana.

Kikundi chetu cha ngoma ni wanawake kumi na mmoja, karibu wote tuna mvi. Mwenyekiti wetu alipata fundi wa sauti wa kuturekodi albamu ya ngoma zetu za harusini. Tukaenda Pugu, kwenye nyumba ya mwenyekiti ambayo haijaisha, maana Temeke hupati dakika mbili bila spika ya jirani. Fundi akaziba madirisha kwa magodoro, akaacha moja la kuingiza hewa, akasimamisha maiki sita.

“Mama zangu, hii siyo ya simu,” akatuambia. “Mtu akivaa hedifoni atasikia mpaka kucha zinavyogusa ngozi.”

“Basi na meno yangu ya bandia atayasikia,” akasema mpiga ngoma wetu.

Tukacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kila wimbo ukikaribia kuisha, ndege hiyo inanguruma juu, fundi anainua mkono, tunarudia. Kufika saa saba mchana tulikuwa na nyimbo tano safi, koo limeanza kuniwasha, na ngozi ya ngoma kubwa imelegea. Ngoma ikilegea inaoteshwa moto. Fundi akasema tupumzike, akaenda kula barabarani. Sie tukaitoa ngoma uani, tukawasha makumbi ya nazi.

Sasa, ngozi ikishapata moto, hatuijaribu kwa wimbo wowote tu. Tunaijaribu kwa wimbo mmoja wa ndani, mfupi, kwa sauti ya chini. Ndivyo tulivyofundwa. Ngoma ikiujibu huo, imeiva. Nikaangalia huku na huku, mwanaume hakuna. Nikaimba, wenzangu wakaitikia.

Fundi aliporudi alivaa hedifoni zake, akatulia kama mtu anayesali. Kisha akaniita.

“Mama, huu mliouimba uani ndiyo roho ya albamu.”

Nikaziangalia maiki zake. Maiki moja ilikuwa imeelekezwa kwenye lile dirisha lisilozibwa.

“Uliiwasha saa ngapi?”

“Sikuizima. Nilimwambia mwenyekiti inawaka, akasema sawa.”

Nikamgeukia mwenyekiti. Huyu ni shoga yangu, tumechezwa unyago nyumba moja, yeye na mie mkeka mmoja.

“Dunia imebadilika, shoga,” akasema. “Tutakufa nazo hizi. Wali wenyewe wako wapi siku hizi?”

“Ungeniuliza.”

“Ningekuuliza ungekataa.”

“Kwa hiyo ulijua nitakataa.”

Akaanza kukunja khanga yake, kunja kunjua.

Nikamwambia fundi anivalishe zile hedifoni. Nilisikia kwa upande mmoja, lakini nilisikia. Makumbi yanatatarika. Pumzi yangu kabla ya neno. Na ndani ya sauti yangu, ile namna ya kuvuta ya kungwi wangu, marehemu, ambayo sikuwa najua kama ninayo. Nitasema kweli: nilitaka ubaki.

“Unakaa wapi huu?” nikamuuliza.

Akachomoa kadi kwenye mashine yake ya kurekodia, kadi ndogo, haizidi kucha ya kidole gumba. “Humu tu, pamoja na zile tano za asubuhi. Sijahamisha kitu. Ila usijali, mama, kama hutaki naufuta huu peke yake.”

Kufuta. Hata yule mume wangu alisema kafuta.

“Nipe niione.”

Akanipa. Nikatoka nayo uani. Mwenyekiti ndiye aliyeelewa kwanza.

“We mwanamke! Nyimbo tano zimo humo! Watu wameacha biashara zao tangu alfajiri!”

Nikaitupa kwenye makumbi. Ikajikunja, ikanuka plastiki.

Fundi alishika kichwa. Mwenyekiti akaniita mwendawazimu, na jina jingine ambalo siliandiki. Wengine walinitazama vilevile walivyonitazama wale wa mchi, nikajikuta nimeziba sikio langu zima kwa kiganja. Mpiga ngoma ndiye aliyesogea. Aliitoa ngoma motoni, akaigonga mara moja, kavu, bila wimbo.

“Imeiva,” akasema. “Fundi, kadi nyingine unayo huna?”

Alikuwa nayo. Tukarudia zote tano mchana uleule, hakuna aliyenisemesha katikati ya wimbo na wimbo. Koo langu lilikuwa limekwisha. Kwenye albamu nakwaruza, na kwa mashine ile nzuri kila mkwaruzo unausikia ulipoanzia. Watu wakiuliza, mwenyekiti huwaambia nilikuwa na mafua.

Sikuwa na mafua.